Mji mkuu wa kubuni: mto huja kabla ya kasri

Siku hizi anayetaka mji mkuu wa nchi isiyokuwepo hahangaiki. Anaiandikia programu ya akili mnemba mistari miwili, na papo hapo anapewa picha: kasri juu ya mwamba, minara, daraja la mawe lenye matao, na chini yake mto mpana uliotulia kama kioo. Akitaka na wasifu anaupata: mji wa kale, kitovu cha biashara, wakazi laki moja, mto umeugawa katikati. Waandishi wa riwaya, wabunifu wa michezo na wachora ramani wanalalamika kwamba miji hii inafanana na haina roho, na lawama yote wameitupia mashine. Naona wamebisha mlango wa jirani. Mashine imeiga tulichokuwa tukikifanya wenyewe kwa miaka mingi: tunachora kasri, tunazungusha ukuta, tunaweka soko na nyumba ya ibada, halafu penye nafasi tunapitisha mstari wa buluu. Kosa limo katika mpangilio huo. Mji mkuu wa mtoni ni matokeo ya mto wake. Anayeuchora mto mwisho hana mji bado, ana pazia la jukwaani, hata angelichora kwa mkono wake mwenyewe.

Tuanze na sababu ya watawala kukaa mtoni, maana wasifu mwingi wa kubuni huiruka. Mandhari si sababu, na maji ya kunywa ni sehemu ndogo tu, kwani kisima kizuri huwatosha wengi. Sababu kubwa ni uzito. Kwa hesabu za wahandisi wa Uingereza wa enzi ya mifereji, farasi aliyepakiwa mzigo mgongoni hubeba kilo 125 hivi. Huyo huyo akifungwa kwenye mkokoteni katika barabara ya udongo anavuta zaidi kidogo ya nusu tani. Akifungwa kamba ya mashua bapa, akatembea ukingoni mwa mto, anavuta tani 30. Hakuna barabara ya kale iliyoweza kushindana na tofauti hiyo. Na hapo tunazungumzia kupanda; kushuka na mkondo hakuhitaji hata farasi. Tangu karne ya 16 Paris ilipata sehemu kubwa ya kuni zake kutoka milima ya Morvan kwa magogo yaliyotupwa katika vijito, yakakusanywa chini, yakafungwa kuwa vyelezo na kuelea hadi mjini.

Tuuchukue basi huo mji wa wakazi laki moja. Mtu anayeishi kwa nafaka hula kilo 200 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mji unahitaji tani 20,000. Kwa farasi wa mizigo hiyo ni safari 160,000, karibu 440 kila siku ya Mungu, na hao farasi nao wanakula njiani. Kwa mashua za tani 30 ni safari 667, hazifiki mbili kwa siku. Ongeza kuni, tukadirie tani moja kwa kila mtu kwa mwaka: mashua 3,333 nyingine. Sasa weka jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha, yaani kwamba mto haupitiki mwaka mzima. Miezi minne maji yanakuwa machache au yameganda. Mashua zile 4,000 lazima zije katika miezi minane, kumi na sita au kumi na saba kwa siku, na kila moja inahitaji mahali pa kufunga, watu wa kupakua na mtu wa kuhesabu ushuru. Kwa miezi minne iliyobaki mji unaishi kwa akiba ya nafaka tani 6,700, ambazo ni mita za ujazo 8,700 hivi. Nafaka haiwezi kurundikwa kama mawe. Ikizidi kina inapata joto ndani, inaota ukungu na wadudu. Ikitandazwa kwa kina cha mita moja inataka sakafu inayokaribia hekta nzima, kavu, inayopitisha hewa, juu ya alama ya mafuriko, na karibu na gati ili wapagazi wasivunjike migongo. Hilo ghala ndilo jengo kubwa kuliko yote mjini. Kwenye picha ngapi umeliona? Na anayeshika ufunguo wake ana nguvu kuliko nusu ya mawaziri.

Pili, mji hauwekwi popote kwenye mto. Unawekwa penye tukio: mto unapopungua upana, kina cha bahari kinapoishia, mto mwingine unapoingia, au kisiwa kinapoukata uvukaji vipande viwili vifupi. Warumi waliijenga London mahali ambapo mto Thames bado ulivukika kwa daraja na bado meli za baharini ziliufikia kwa msaada wa maji kujaa. Paris ilikua kutoka kisiwani, Île de la Cité. Khartoum ipo Nile Nyeupe na Nile ya Buluu zinapokutana. Mfano ninaoupenda zaidi ni Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana, na kati yake hakuna daraja, watu huvuka kwa vyombo. Kwa nini zikae hapo zote mbili? Kwa sababu mto Kongo unapitika kwa umbali mkubwa kutoka bara hadi bwawa la Malebo, na chini yake unaanza msururu wa maporomoko. Shehena inashushwa hapo, itake isitake. Reli ya Matadi ilifika upande mmoja mwaka 1898, ya Pointe-Noire ikafika upande wa pili mwaka 1934, kila dola ikaipatia shehena hiyo njia yake ya kwenda baharini. Kama nchi yako ya kubuni ina mji mkuu mtoni, jibu swali hili kabla ya kuupa jina: mashua ikifika hapa, ni nini kinachoizuia isiendelee?

Makosa ya mchoro wenyewe yanajulikana, nitayapitia haraka. Mito huungana ikishuka, haigawanyiki. Mgawanyiko ni jambo la delta na visiwa. Casiquiare kule Venezuela, unaochota maji ya Orinoco na kuyapeleka mpaka bonde la Amazon, ni maarufu kwa sababu ni nadra. Mto hautoki bahari moja kwenda nyingine. Maji hayapandi mlima. Kona nazo zina kipimo: wimbi zima la mto unaopinda kwenye ardhi tambarare, kona ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, huwa na urefu wa mara 10 hadi 14 ya upana wa mto. Mto wa mita 150 unapinda kila kilomita moja na nusu au mbili. Ukiuona mto wa upana huo unajikunja kama nyoka kila baada ya nyumba kumi, ujue aliyeuchora alikuwa akijaza karatasi. La muhimu zaidi ni kwamba katika kona mkondo hukwangua ukingo wa nje na kutupa mchanga ukingo wa ndani. Kina kipo nje, kwa hiyo gati liko nje, na huko huko ndiko nyumba huanguka mtoni baada ya miaka. Ndani kuna fungu la mchanga, maboga ya maskini, mashua zilizopinduliwa kupigwa lami, na mji mpya unaoota polepole juu ya ardhi ambayo babu zao walivulia samaki.

Daraja linastahili kukaa nalo, maana ndilo pambo linalopendwa kuliko yote na linaloeleweka kidogo kuliko yote. Chukua mto wetu wa mita 150, na teknolojia ya mawe. Ili kusimamisha nguzo ndani ya maji, mafundi wanapigilia magogo yenye ncha kitandani mwa mto, safu mbili kuzunguka eneo la nguzo, wanashindilia udongo wa mfinyanzi katikati ya safu, kisha wanateka maji yaliyo ndani usiku na mchana huku msingi ukichimbwa. Kazi hiyo inafanyika msimu wa maji machache tu. Mvua ikiwahi, kazi ya mwaka imekwenda. Tuseme wamefanikiwa kujenga nguzo saba, kila moja unene wa mita sita. Zimeziba mita 42 kati ya 150, na maji yale yale sasa yanapita katika mita 108, karibu asilimia 40 haraka zaidi. Maji yenye haraka huchimba, na huchimba hasa miguuni mwa nguzo. Fundi anaona shimo, anatupa mawe na magogo kuilinda nguzo. Ulinzi unanenepa, njia inazidi kuwa nyembamba, maji yanazidi kasi, shimo linarudi.

Ndivyo ilivyokuwa daraja la kale la London, lililokamilika mwaka 1209 likiwa na matao 19. Kinga za nguzo zake zilinenepa hivyo hivyo hadi daraja likawa nusu bwawa, na wakati wa maji kupwa tofauti ya kimo kati ya upande wa juu na wa chini iliweza kufika karibu mita mbili. Abiria waoga walishushwa upande mmoja wakapandia upande wa pili, na mwenye mashua akapenya tao peke yake. Upande wa juu maji yaliyozuiwa yalipunguza mwendo kiasi kwamba katika majira makali ya baridi mto uliganda na watu wakafanya maonyesho ya biashara juu ya barafu, la mwisho mwaka 1814. Daraja lilibomolewa miaka ya 1830 mara baada ya jipya kufunguliwa, na tangu hapo mto katikati ya London haujaganda tena namna ile. Yote hayo yalizaliwa na unene wa nguzo: ajali, kazi kwa wapiga makasia, magurudumu ya kusukuma maji yaliyofungwa kwenye matao, sherehe za barafu. Mwandishi anayeandika tu kwamba daraja lina “matao mazuri” ameketi juu ya hazina asiyoijua.

Uchafu nao una mwelekeo. Watengeneza ngozi, wanaoloweka kwa chokaa, mkojo na kinyesi, pamoja na wachinjaji na wapaka rangi, husukumwa upande wa chini wa mkondo, na wenye uwezo hukaa juu. Kanuni hiyo hukosea mahali pawili, na waandishi wazuri huyatumia yote mawili. La kwanza ni ukaidi wa historia: mjini Paris kijito cha Bièvre, kilichokuwa cha wapaka rangi na watengeneza ngozi, kiliingia Seine juu ya kisiwa, si chini yake. La pili ni bahari. Mto unaofikiwa na maji kujaa huurudisha uchafu wako mlangoni mara mbili kwa siku. London iliyaona hayo kwa ukamilifu kiangazi cha 1858, harufu ya Thames ilipowafukuza wabunge kwenye vyumba vyao, na fedha za mfumo wa majitaka wa mhandisi Bazalgette zikapitishwa kwa haraka ambayo miaka ya hoja haikuweza kuileta. Kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu, lakini hakikuwa kimeingia bungeni.

Wapo wanaopinga mtazamo huu, na hoja zao si za uzito mmoja. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kwamba ni hadithi tu na msomaji hajali. Msomaji hajali mtiririko wa maji, kweli, lakini anajali njaa. Mwambie mji umezingirwa miaka miwili na wakazi wanakula panya, halafu mto mkubwa unapita katikati ya ukuta, atauliza mara moja kwa nini chakula hakiletwi usiku kwa mashua. Wala haihitaji elimu kuuliza hivyo. Historia imejaa majibu mazuri ambayo hadithi hupoteza kwa uvivu. Maharamia wa kaskazini walipoizingira Paris mwaka 885, kilichowakera ni madaraja yenye ngome yaliyofunga mto, maana walitaka kupita kwenda juu kupora kwingine. Februari 886 mafuriko yalilisomba daraja dogo, na walinzi wa mnara uliokuwa ng’ambo wakabaki peke yao na kuuawa. Mwishowe mfalme Karoli Mnene aliwaruhusu wavamizi waende Burgundy. Watu wa Paris bado walikataa kuwafungulia mto, na wavamizi wakalazimika kuziburuta meli zao nchi kavu kuupita mji. Hakuna uchawi hapo. Kuna daraja linalofanya kazi ya kufuli.

Hoja yenye nguvu ni ile ya Madrid. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alilipeleka baraza lake huko mwaka 1561, na mto wake, Manzanares, ni kijito kisichobeba shehena. Brasília, mji mkuu wa Brazil, ilizinduliwa mwaka 1960 katikati ya uwanda, na maji yake makubwa ni ziwa lililotokana na mto kuzuiwa kwa bwawa. Je, hayo hayathibitishi kwamba amri ya mfalme inatosha? Inatosha, ila ina bei, na bei ndiyo wasifu. Madrid ililishwa kwa nyumbu na mikokoteni kutoka mbali, na vijiji vya kuizunguka vilipangiwa kwa amri kiasi cha mkate wa kupeleka mjini hata kama nyumbani haukutosha. Brasília ilisubiri enzi ya malori. Basi mwenye kutaka mji mkuu mkubwa kwenye kijito ana ruhusa yote. Atuonyeshe tu nyumbu, vijiji vyenye kinyongo na dola yenye mkono mrefu. Mji wa namna hiyo hata una mvuto wake. Usiovumilika ni ule unaokula kama London na kubeba kama Madrid bila mtu kulipa.

Ipo na hoja ya tatu, ambayo naikubali karibu yote: kwamba hesabu hizi zikimwagwa ukurasani zinaua hadithi. Kweli. Kati ya yote niliyoyahesabu juu ya ghala, msomaji anahitaji sentensi moja kuhusu mlinzi anayepindua nafaka kwa sepeto usiku ili isipate joto. Hesabu ni ya mwandishi, ili sentensi hiyo ikae mahali pake na ile ya pili isiikanushe. Hapa ndipo programu zinapokwama. Zinaweza kutoa mlinzi mwenye sepeto ukiziomba. Hazitakumbuka sura ya tisa kwamba mto uliganda na ghala linapaswa kuwa nusu, kama wewe mwenyewe hukuamua mapema mto unaganda lini. Kwa hiyo ushauri wa vitendo si kuiacha mashine. Ipe upana wa mto, kina msimu wa maji machache, kimo cha mafuriko, mwelekeo wa mkondo, miezi ya kupitika na kilichoko chini ya mji kinachozuia mashua. Ukishindwa kuvijaza hivyo, hata fundi wa kuchora mwenye kipaji hatakuokoa.

Athari kubwa zaidi iko kwenye siasa za mji. Kingo mbili za mto mmoja mara chache hulingana. Chukua Budapest ya Hungaria, iliyo kwenye kingo mbili za Danube: Buda iko vilimani, Pest iko tambarare; ikulu ikakaa juu, wafanyabiashara wakakaa chini, na Machi 1838 barafu ilipoziba Danube ni Pest iliyobomoka. Kabla ya daraja la kudumu la 1849 palikuwa na daraja la mashua lililoondolewa kila baridi. Mwaka 1820 István Széchenyi, mkabaila aliyekuja kulipigania daraja hilo la kudumu, akienda kumzika baba yake, alikwama ukingoni wiki nzima. Miji hiyo pamoja na Óbuda haikuwa mmoja kisheria hadi 1873. Maneno “mto umeugawa mji katikati” yanaficha mahakama mbili, ushuru wa aina mbili, na miezi ambayo mfalme hawezi kuwafikia wanaomlipa kodi.

Mto nao hausimami kumsubiri mchora ramani. Cairo imeukimbiza Nile kwa karne nyingi: Fustat ya mwaka 641 ilikuwa ukingoni, al-Qahira ya mwaka 969 ikawekwa kaskazini-mashariki yake, kisha mto ukazidi kusogea magharibi, na Bulaq, palipokuwa na maji, ikaja kuwa bandari. Mji ulibaki ukichotewa maji na wabebaji waliotoka mtoni na viriba juu ya ngamia na punda. Serikali, kwa upande wake, ilikuwa na kisima cha kupimia mto kwenye kisiwa cha Rawda, kilichojengwa mwaka 861, chenye nguzo ya mawe iliyochongwa mistari ya dhiraa. Wapiga mbiu walizunguka mitaani kila asubuhi ya msimu wa kujaa wakitangaza mto umepanda kiasi gani. Ulipofika dhiraa 16, tuta lililoziba mfereji lilikatwa kwa sherehe na kodi ya ardhi ikawa halali kudaiwa. Usipofika, bei ya mkate ilipanda siku hiyo hiyo, kabla hata shamba moja halijakauka.